Uliza Fundi: Betri ya kuwasha vyombo vya umeme kwenye kayaki ya kuvulia

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wanaovua kwa kayaki na kutaka umeme wa kuendesha kitafuta samaki, taa na simu. Yaliyofanana tumeyaunganisha. Vipimo vyote ni vya mfumo wa volti 12, maana vitafuta samaki vingi vya kayaki vimeundwa kwa mfumo huo.

SWALI: Nimepata kitafuta samaki chenye skrini ya inchi 7. Muuzaji mmoja ananiambia nichukue betri ya ampea-saa 7, mwingine anasema isipungue 20. Huwa nakaa majini saa 8, saa 2 za mwanzo ni giza na nawasha taa, na simu naichaji mara moja. Nimsikilize nani?

Wa 20 yuko sawa kama anazungumzia betri ya risasi, ila ya 7 haitakutosha, iwe ya aina gani. Kabla ya kumsikiliza yeyote, fungua kitabu cha maelekezo cha kifaa chako, kurasa za mwisho kwenye jedwali la vipimo, utafute matumizi ya umeme. Yakiandikwa kwa wati, gawa kwa 12 upate ampea: wati 12 ni ampea 1. Kitabu kikiwa kimepotea, makadirio haya hayatakupotosha sana: skrini ya inchi 4 au 5 hula kama nusu ampea, ya inchi 7 karibu ampea 1, ya inchi 9 kati ya ampea 1.5 na 2.5. Sona (sehemu ya kitafuta samaki inayosikiliza mwangwi majini) zile mpya zinazoonyesha samaki akitembea papo hapo huja na kisanduku chao cha pembeni kinachoweza kuongeza ampea 4 au 5 peke yake, na hesabu yote ya betri ndogo huishia hapo.

Sasa piga hesabu yako. Skrini: ampea 1 mara saa 8, ni ampea-saa 8. Taa ya LED ya ampea 0.3 kwa saa 2 ni 0.6. Simu ya kawaida ikichajiwa kutoka karibu sifuri hadi kujaa hula takriban wati-saa 18 ukijumlisha na zinazopotea kwenye adapta, sawa na ampea-saa 1.5 hivi. Jumla ni kama 10. Ongeza robo yake kwa ajili ya siku utakayochelewa kurudi na kwa ajili ya betri kuzeeka, unafika 12 na nusu.

Mahitaji yako ndiyo hayo. Ukubwa wa betri itakayoyatimiza unategemea imetengenezwa kwa nini.

Betri ya risasi, iwe ya jeli au ya AGM (yenye mkeka wa nyuzi za kioo unaonyonya asidi), haipendi kushushwa chini ya nusu. Ukiizoesha kuisha kabisa kila safari, itakufa baada ya mizunguko mia chache tu ya kuchaji na kutumia. Kwa hiyo ampea-saa 10 unazotumia zinadai betri ya 20, ambayo ina uzito wa kilo 6 hivi. Zaidi ya hapo, ile namba ya kwenye lebo hupimwa kwa kuimaliza betri taratibu kwa saa 20. Betri ya ampea-saa 7 imepimwa kwa mzigo wa ampea 0.35, na ukiivuta kwa ampea 1 hutazipata 7 kamili.

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 inaruhusu kutumia karibu chaji yake yote, inahimili mizunguko 2,000 au zaidi ikitunzwa, na volti zake hubaki karibu 13 mpaka inapokaribia kuisha. Kwako wewe, ya ampea-saa 12 itatosha kwa kubana na ya 15 itakupa nafasi. Ya 12 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Tofauti ya kilo 4 na nusu hivi ni ndogo ndani ya gari, lakini chombo unachokibeba begani hadi majini na kukisukuma kwa kasia siku nzima kitakufanya uihisi kila gramu. Ushauri wetu ni LiFePO4. Betri ya risasi tunaipendekeza kwa mtu mwenye skrini ndogo ya inchi 4 anayevua saa 3 au 4. Huyo ile ya ampea-saa 7, yenye kilo 2 na nusu, itamtosha bila kumgharimu sana.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa. Neno "lithiamu" peke yake kwenye lebo halitoshi. Kuna betri za lithiamu zilizoungwa kwa seli 3 zenye jumla ya volti 11.1. Zikijaa zinafika 12.6, na zikiendelea kutumika hushuka hadi karibu 9, kwa hiyo kifaa kinaweza kuzima wakati bado kuna chaji ndani. Za seli 4 za aina hiyohiyo hujaa hadi volti 16.8, na baadhi ya vifaa haviruhusu kiasi hicho. LiFePO4 ya seli 4 imeandikwa volti 12.8. Tafuta namba hiyo. Kisha ipime kwenye mizani: LiFePO4 ya ampea-saa 10 haiwezi kuwa chini sana ya kilo 1. Ukiuziwa ya ampea-saa 20 ambayo nayo ni kilo 1, ndani yake hamna 20.

SWALI: Natumia betri ya risasi ya ampea-saa 7. Kitafuta samaki kinazima baada ya saa 3 hivi. Nikifika nyumbani napima betri, mita inasoma volti 12.3. Mbona bado ina chaji? Au kifaa ndicho kibovu?

Kifaa usikiguse bado. Volti 12.3 kwenye betri ya risasi iliyopumzika ni zaidi kidogo ya nusu ya chaji, na betri nzima yenye kiasi hicho haizimishi skrini inayokula chini ya ampea 1. Umeme unapotea mahali fulani. Unaweza kupotea ndani ya betri yenyewe au njiani kwenye waya, na mita yako itakuonyesha ni wapi, mradi upime kifaa kikiwa kimewashwa. Kipimo cha betri iliyopumzika hudanganya, kwa sababu betri iliyochoka hurudisha volti zake ukiitua mzigo.

Chaji betri ijae, iache ipumzike saa chache, kisha washa kitafuta samaki kwa mwanga wa juu kabisa. Gusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, wala si kwenye vishikio vya waya, na uandike namba. Halafu pima kwenye koneta inayoingia nyuma ya kifaa. Rudia vipimo vyote viwili kila baada ya nusu saa hadi skrini izime.

Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ikizidi volti 0.3, tatizo ni waya au maungio. Vifaa vingi hujizima vikipata chini ya volti 10.8 au 10, kwa hiyo kila sehemu ya volti inayopotelea njiani inakupunguzia muda. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.5, wenye urefu wa mita 3 kwenda na 3 kurudi, hupoteza volti 0.2 kwa kila ampea. Ukibadilisha ukaweka wa 1.5, hasara hiyo inashuka hadi volti 0.07.

Mara nyingi, hata hivyo, mkosaji ni ungio. Chomoa kile kishikio bapa cha kwenye kichwa cha betri uangalie waya unapoingia. Menya mpira wake sentimita moja. Shaba nzima ina wekundu unaong'aa. Ukikuta nyuzi nyeusi, au unga wa kijani unaobaki kwenye kidole, maji ya chumvi yameshapanda ndani ya mpira, na hupanda mbali kuliko watu wanavyodhani. Kata tena na tena mpaka ufikie shaba safi, hata kama ni kiganja kizima cha waya. Kukwangua na kurudishia kunakupa wiki chache tu. Ukinunua mwingine, chukua waya wa shaba iliyopakwa bati unaouzwa kwa ajili ya vyombo vya majini, bana kishikio kwa koleo lake maalumu, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani.

Iwapo namba mbili zinakaribiana lakini zote zinaporomoka upesi, betri imechoka. Risasi ikiachwa bila chaji hujenga fuwele za salfeti kwenye mabamba yake, na zikishakomaa haziondoki. Betri ya namna hiyo husoma vizuri ikipumzika na kuanguka ikipewa kazi, sawasawa na dalili ulizoeleza. Ina umri wa miaka mingapi? Kama ni zaidi ya 3, anza kutafuta nyingine.

SWALI: Nimehamia LiFePO4. Chaja yangu ya zamani ya betri ya gari inafaa?

Inategemea inafikisha volti ngapi na ina tabia gani betri ikijaa. LiFePO4 ya volti 12.8 inataka kuchajiwa hadi volti 14.2 mpaka 14.6, kisha chaja iache. Chaja nyingi za risasi hufika 14.4, kwa hiyo zitaijaza au kuikaribia kujaa. Hatari iko kwenye zile zenye hatua ya kufufua betri, zinazosukuma volti 15 au zaidi kuvunja salfeti. Bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, ile inayoandikwa BMS, itakata, lakini bodi hiyo ni kinga ya dharura. Kuitegemea kila usiku ni kuitafutia kifo. Chaja zilizoandikwa LiFePO4 zipo, na kwa betri ndogo si kifaa kikubwa. Nunua.

Kuhusu ampea za chaja, gawa ukubwa wa betri kwa 5 au kwa 3: betri ya ampea-saa 12 inapenda chaja ya ampea 2 mpaka 4. Ya ampea 3 itaijaza kwa saa 4 hadi 5.

Kitu kinachowatisha wengi: betri imeisha kabisa, bodi imekata, mita inasoma sifuri, na chaja inakataa kuanza kwa kuwa haioni betri. Hiyo haijafa. Chaja nyingine za lithiamu zina hatua ya kuiamsha, na bila hiyo unaweza kuiunga sambamba kwa muda mfupi na betri nyingine ya volti 12, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mpaka bodi ifungue. Ikikaa miezi katika hali hiyo, ndipo seli huharibika kweli.

Tena usichaji LiFePO4 iliyo chini ya nyuzi 0 za selsiasi. Kuitumia kwenye baridi hiyo kunawezekana, lakini kuichaji hufanya lithiamu igande juu ya bamba la ndani, na uharibifu huo haurudi nyuma. Iingize ndani ipate joto kwanza.

SWALI: Betri ya mashine ya kutobolea au benki ya umeme ya simu haiwezi kufanya kazi hii?

Betri ya mashine iliyoandikwa volti 18 au 20 hujaa hadi volti 21. Soma kiwango cha juu ambacho kifaa chako kinavumilia. Kama ni 17 au 20, utakiunguza. Inawezekana ukiweka kipunguza volti katikati, ila utakuwa umeongeza kifaa kingine cha kuingiwa na maji, na vipunguza volti vya bei rahisi hutia kelele kwenye sona. Benki ya umeme ya kawaida hutoa volti 5. Iache ichaji simu, nayo itaifanya kazi hiyo vizuri na kuipunguzia mzigo betri kuu.

SWALI: Nina mota ya umeme kwenye kayaki. Nikiunga kitafuta samaki kwenye betri ya mota, skrini inajaa mistari na vitone kila nikiongeza mwendo. Wakati mwingine inazima na kuwaka upya. Kuna dawa?

Dawa ni betri mbili. Mota ndogo yenye nguvu ya pauni 55 inaweza kuvuta hadi ampea 50 ukiifungua yote. Wakati huo volti za betri zinashuka ghafla, na kifaa kinachohitaji volti 10.8 kinakatika. Ile mistari inatokana na jinsi mota nyingi zinavyodhibiti mwendo, yaani kwa kukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kelele hiyo husafiri kwenye waya na kuingia kwenye sona, ambayo kazi yake ni kusikiliza mwangwi dhaifu sana.

Ipe sona betri yake ndogo, hasi yake isiungane popote na ya mota. Pitisha waya wa sensa ya sona ubavu mmoja wa kayaki na waya wa mota ubavu mwingine. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba, visilale pamoja. Mistari ikibaki hata mota ikiwa imezimwa, chomoa adapta ya kuchajia simu uone. Hizo nazo zina kelele kama hiyo.

Kuna faida ya pili tunayoipa uzito mkubwa kuliko picha safi. Mota ikimaliza betri yake ukiwa mbali, bado utakuwa na GPS ya kukuonyesha njia na taa ya kukufanya uonekane.

Na tahadhari kwa wenye mota za volti 24: betri mbili zilizoungwa mfululizo zinatoa 24, na kifaa cha volti 12 kikiunganishwa kwenye ncha zake za mwisho kinaweza kuungua. Usijaribu pia kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili. Itashuka kuliko mwenzake, na kila safari pengo linapanuka.

SWALI: Lebo ya betri yangu inasema IP67. Naweza kuifunga tu nyuma ya kiti bila kisanduku?

IP67 maana yake ganda linavumilia kuzama mita 1 kwa dakika 30. Vichwa vya betri viko nje ya ganda hilo. Maji ya chumvi yakitanda kati ya kichwa chanya na hasi, umeme unapita ndani yake: chaji inavuja, kichwa chanya kinaliwa, na gesi za klorini na haidrojeni zinatoka. Kwenye maji yasiyo na chumvi mambo huenda polepole zaidi, ila hayakomi. Kwa hiyo kisanduku kinahitajika, chenye mpira mzima kwenye kifuniko na glandi ya kubana waya unapotokea. Paka mpira huo grisi ya silikoni, na kabla ya kila safari upitishe kidole. Punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji.

Fyuzi ikae kwenye waya chanya, ndani ya sentimita 18 kutoka kwenye kichwa cha betri, tena ndani ya kisanduku. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi, ndiyo maana kinafupishwa. Ukubwa wake usome kwenye kitabu cha kifaa. Kwa skrini ndogo mara nyingi ni ampea 3. Ikiungua, usiweke kubwa zaidi. Tafuta shoti. LiFePO4 ndogo inaweza kusukuma makumi ya ampea kabla bodi yake haijakata, na hapo waya mwembamba huwaka juu ya plastiki ya chombo chako.

Mahali pazuri ni chini kabisa, katikati juu ya mstari wa mkuku (uti wa chini wa chombo), mara nyingi nyuma tu ya kiti. Uzito ukienda tezi, yaani nyuma, omo ya mbele inainuka na upepo unaiyumbisha. Funga kisanduku kwa mikanda miwili, kisha jaribu kukitikisa kwa nguvu: kisisogee hata kidole, maana siku kayaki ikipinduka, kisanduku kilicholegea kitang'oa waya au kukugonga.

Usiichajie betri ya risasi ndani ya kisanduku kilichofungwa. Ikichajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, na cheche moja tu inaweza kuilipua. Hata LiFePO4 itoe nje, kwa ajili ya joto.

Betri ikizama, chomoa waya, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uiache mahali pa wazi mbali na nyumba. Usijaribu kuichaji uone kama inafanya kazi. Ya lithiamu iliyoingiwa na maji ndani ya ganda ipeleke panapokusanywa taka za umeme.

SWALI: Msimu ukiisha, niiweke vipi?

Risasi iwekwe ikiwa imejaa, na ichajiwe tena kila baada ya miezi 2 au 3, kwa sababu hujipunguza yenyewe. LiFePO4 iweke ikiwa nusu, waya wote umechomolewa, na uiangalie kila baada ya miezi 6. Kupima nusu hiyo kwa mita ni kazi ngumu, maana volti zake hazibadiliki sana: ikiwa imepumzika, 13.2 inaweza kuwa theluthi mbili ya chaji, na 13.0 ikawa theluthi moja. Njia rahisi ni kuijaza kisha kuwasha kitafuta samaki kwa saa zilizohesabiwa. Ya ampea-saa 12 kwenye skrini ya ampea 1, saa 6 zinatosha.

Zote mbili ziwekwe pakavu na penye ubaridi. Buti la gari lililoachwa juani ni mahali pabaya kuliko pote. Kwa betri ya risasi, kila nyuzi 10 hivi juu ya 25 hukata maisha yake karibu nusu.

SWALI: Nataka kusafiri kwa ndege na betri yangu ya LiFePO4. Watanikubalia?

Zidisha volti kwa ampea-saa. 12.8 mara 7 ni wati-saa 89.6, na betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida inaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi. 12.8 mara 10 ni 128. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege kabla ya safari, na idadi ni mbili tu. Ya ampea-saa 12 inafika 153.6, bado iko ndani ya kipimo hicho kwa kibali. Ya 15 ni 192, hiyo abiria haruhusiwi kupanda nayo. Betri isiyofungwa ndani ya kifaa haiingii kabisa kwenye mzigo wa kupakiwa chini. Funika vichwa vyake kwa tepu, na uhakikishe wati-saa zimeandikwa wazi kwenye lebo, kwa kuwa mkaguzi husoma lebo, hapigi hesabu.